Konsonanti Mbele, Irabu Nyuma: Sheria ya Silabi na Mipaka Yake

Kiarabu kina maneno mengi mafupi yanayoishia kwa konsonanti mbili zilizobanana: bahr, fajr, hukm, ilm, aql, waqt. Waswahili waliyakopa yote hayo, na hakuna hata moja lililobaki kama lilivyokuja. Leo tunasema bahari, alfajiri, hukumu, elimu, akili na wakati. Kila moja limepata irabu mbili za ziada: moja imepenya katikati ya konsonanti mbili, nyingine imekaa mwishoni. Hakuna baraza lililokaa kuamua hivyo. Mabaharia, wafanyabiashara, walimu wa vyuo na watoto waliowasikiliza walifanya marekebisho yaleyale, vizazi kwa vizazi, bila kuambizana.

Wapo wanaoita kazi hiyo uharibifu. Kwa macho yao, anayesema “wakati” ameshindwa kutamka “waqt”, na mtoto anayesema “filimu” au “filamu” ameshindwa kutamka neno la Kiingereza. Nashikilia kinyume chake. Utohozi wa Kiswahili ni kazi ya sheria, na sheria hiyo ni sehemu ya mwelekeo unaoonekana katika lugha za dunia nzima. Mwelekeo huo una nguvu kweli, lakini una mipaka. Kiswahili ni shahidi wa nguvu hizo na wa mipaka hiyo kwa pamoja, na ushahidi wake haujatumiwa inavyostahili.

Tuanze na umbo la silabi. Silabi ina kiini, ambacho kwa kawaida ni irabu. Kabla ya kiini huweza kuwapo mwanzo, yaani konsonanti moja au zaidi. Baada ya kiini huweza kuwapo mwisho, ambao nao ni konsonanti. Silabi isiyo na mwisho huitwa silabi wazi, kama zote tatu za neno “kitabu”. Silabi yenye mwisho huitwa silabi funge, kama ile ya kwanza katika “daktari”. Mwalimu wa darasa la kwanza anayewaimbisha watoto “ba be bi bo bu” anawafundisha silabi wazi yenye mwanzo wa konsonanti moja. Huo ndio muundo ambao Roman Jakobson, mwanaisimu mzaliwa wa Moscow, alisema haukosekani katika lugha yoyote. Zipo lugha zinazokataza silabi funge na zipo zinazoziruhusu. Lugha inayozidai kila mahali, isiyo na silabi wazi kabisa, haijathibitishwa.

Sasa turudi kwenye maneno yetu ya mkopo, tuitazame irabu ya mwisho kwa makini. Hapa ndipo sheria inapoonekana wazi kuliko mahali pengine popote. Kitabu, hesabu, sababu, adabu, kalamu, salamu, hukumu, elimu, maarufu: yote yanaishia na “u”, na kabla ya “u” hiyo kuna b, m au f, sauti ambazo midomo ndiyo inayozitengeneza. Kisha dini, binti, sukari, asali, safari, wakati, akili, haki: hapa irabu ni “i”, na konsonanti iliyotangulia imetengenezwa na ulimi. Irabu “u” hutamkwa kwa kuviringa midomo. Midomo ikishafanya kazi ya konsonanti, irabu iliyo karibu nayo ni “u”. Pasipo midomo, Kiswahili huchukua “i”.

Msomi wa Kiarabu anaweza kupinga hapa. Atasema kwamba Kiarabu fasaha kina viishio vya irabu, kwamba kitabu kwa ukamilifu wake ni “kitābun”, na kwamba Waswahili walichukua “u” kutoka huko. Hoja hiyo ina mvuto, lakini haisimami. Kama kiishio hicho ndicho chanzo, dini lingekuwa “dinu”, binti lingekuwa “bintu” na sukari lingekuwa “sukaru”, maana maneno hayo nayo huchukua kiishio hichohicho. Kiarabu hakiwezi kueleza kwa nini m hufuatwa na “u” ilhali n hufuatwa na “i”. Midomo na ulimi vinaeleza.

Ushahidi wa pili ni mzito zaidi. Karne nyingi baadaye kilikuja Kiingereza, lugha isiyo na viishio vya aina hiyo kabisa. Waswahili wakakopa timu, fomu, filamu, supu, pampu, stempu, balbu, klabu, skafu na glavu. Wakakopa pia basi, koti, shati, kadi, tiketi, risiti, hoteli, benki, keki na begi. Mstari uliochorwa ni uleule: midomo huvuta “u”, ulimi huvuta “i”. Waliokopa “kalamu” na waliokopa “timu” hawakuonana wala hawakukopa kutoka lugha moja, lakini walitii kanuni moja. Yapo maneno yanayokwenda kando, kama roho na nusu, ambayo mwishoni yanarudia irabu ya silabi ya kwanza. Hayo ni machache, nayo bado yametimiza sharti kubwa, kwamba neno limalizike kwa irabu.

Irabu inayoingia katikati nayo haiji ovyo. Mara nyingi huiga irabu iliyotangulia: hukumu, elimu kutoka “ilm”, bahari, wakati, asubuhi kutoka “subh”, adhuhuri kutoka “zuhr”. Isipoiga, huwa “i”, kama katika akili, asili na alasiri. Mzungumzaji hajui kwamba anachagua, lakini uchaguzi wenyewe hautokani na bahati nasibu.

Kwa nini lugha zielemee upande huu? Jibu kubwa liko katika sikio. Konsonanti kama p, t na k zenyewe ni ukimya mfupi: hewa imezibwa na hakuna kinachosikika. Tunazitambua kwa mshindo wa hewa inapofunguliwa na kwa jinsi irabu inayofuata inavyoanza. Ukisema “pa”, “ta”, “ka”, taarifa hiyo yote ipo. Ukimalizia neno kwa p, t au k, na hasa kama mdomo unafungwa bila kufunguliwa, msikilizaji hubaki na dalili chache za mwishoni mwa irabu iliyotangulia. Katika Kithai, Kivietinamu na Kichina cha Canton, konsonanti hizo za mwisho hazifunguliwi kabisa. Sauti isiyosikika vizuri hukosewa, na inayokosewa kizazi baada ya kizazi hatimaye hudondoka. Kichina cha Canton bado husema “sap” kwa kumi. Kimandarini kimeshapoteza p hiyo na husema “shi”.

Mfano unaonivutia kuliko yote uko kwenye Bahari ya Pasifiki. Kimaori cha New Zealand kina silabi wazi tupu. Kitenzi cha kunywa ni “inu”. Lakini katika hali ya kutendwa Wamaori husema “inumia”. Hiyo m imetoka wapi? Tazama Kimalay, jamaa yake wa mbali: kunywa ni “minum”. Konsonanti ya mwisho iliyokuwapo katika lugha mama imepotea pale ilipokuwa mwishoni, ikasalimika pale ilipofuatwa na irabu. Kadhalika “hopu”, kitenzi cha kukamata, hutoa “hopukia”. Mtoto wa Kimaori hujifunza konsonanti za babu zake kupitia hali ya kutendwa, kwa sababu ndiko zilikopata mahali pa kusikika.

Hata hivyo mwelekeo huu umesemwa kwa pupa mara nyingi, kana kwamba lugha nyingi duniani zina silabi wazi tupu. Takwimu zinakataa. Ian Maddieson alipopanga lugha 486 katika atlasi ya dunia ya miundo ya lugha, ni 61 tu zilizoingia kundi la silabi sahili, zile zisizoruhusu konsonanti baada ya irabu wala kundi la konsonanti mwanzoni. Hiyo ni kama lugha moja kati ya nane. Lugha 274 zilikuwa za katikati, zikiruhusu konsonanti moja mwishoni au mwanzo wa konsonanti mbili za aina chache. Lugha 151 zilikuwa na silabi tata, Kiingereza kikiwamo. Basi madai sahihi ni haya: silabi wazi yenye mwanzo iko karibu kila mahali, na lugha inayoruhusu tata huruhusu pia sahili. Wingi wa lugha haujazuia silabi funge. Hata lile la “kila mahali” limepata mpinzani. Mwaka 1999 Gavan Breen na Rob Pensalfini walidai kwamba Kiarrernte, lugha ya katikati ya Australia, hupanga silabi zake kwa irabu mbele na konsonanti nyuma. Mjadala huo unaendelea, na ni vizuri uendelee.

Kinachonishawishi zaidi kuwa sheria za silabi si uvivu wa ulimi ni jaribio la mwaka huohuo wa 1999. Emmanuel Dupoux na wenzake waliwasikilizisha Wajapani na Wafaransa maneno ya kubuni kama “ebuzo”, kisha wakaipunguza irabu “u” hatua kwa hatua hadi ikabaki “ebzo” tupu. Wafaransa walisikia irabu inapungua na kuisha. Wajapani waliendelea kuripoti kwamba “u” ipo hata pale ilipokuwa imeondolewa kabisa. Lugha yao hairuhusu b kufuatwa na z, kwa hiyo sikio lilijaza lenyewe. Walipopimwa kwa urefu wa irabu, mambo yaligeuka: Wajapani walitofautisha irabu fupi na ndefu kwa urahisi, Wafaransa wakahangaika. Kila mmoja alisikia kwa sikio lililolelewa na lugha yake. Hapo hakuna aliyekuwa mvivu, maana hakuna aliyetakiwa kutamka chochote.

Marekebisho haya huenda pande zote. Wasikilize watangazaji wa soka wa Ulaya wanapotaja jina la Mbappé. Wengi hutanguliza irabu, kwa kuwa lugha zao hazina neno linaloanza kwa mb. Mtoto wa Tanga hasumbuki hata kidogo, maana mbuzi, mbegu na mbingu amezizoea tangu hajaanza kutembea. Lakini mtoto huyohuyo akikutana na “strength” ya Kiingereza darasani hugawa rundo lile la konsonanti kwa irabu. Ni kazi ileile anayoifanya mtangazaji. Mmoja tunamcheka, mwingine tunamsamehe, na tofauti hiyo inatokana na heshima tunayoipa lugha ya kila mmoja.

Sasa tuje kwenye mipaka. Kama silabi ni lazima iwe na irabu, tufanye nini na neno “mtu”? Halina irabu karibu na m, lakini kila Mswahili anajua kwamba “mtu” lina mapigo mawili, na kwamba mkazo unaangukia m. Lugha jamaa zinaeleza historia yake. Waganda husema “omuntu”, Warundi “umuntu”, na katika Kiswahili cha Lubumbashi bado utasikia “muntu” na “mutoto”. Kiswahili cha pwani kiliidondosha “u” ya kiambishi, lakini pigo la silabi halikudondoka nayo. Nazali iliyobaki, yaani ile m ya puani, imekalia kiti cha irabu.

Ukitaka kuihakiki hoja hii, chukua neno “mbuni”. Mbuni ndege ana silabi mbili: mbu-ni. Mbuni mti wa kahawa una silabi tatu: m-bu-ni, kwa kuwa m yake ni ile iliyotokana na “mu”. Herufi ni zilezile tano, mpangilio uleule, silabi tofauti. Lugha inayosifiwa kwa silabi zake wazi na rahisi imejitengenezea silabi isiyo na irabu hata moja, na wazungumzaji wake huitofautisha bila kukosea.

Wa kwanza kulijua hili hawakuwa wanafonolojia. Walikuwa washairi. Shairi la mizani kumi na sita kwa mshororo, nane ukwapi na nane utao, haliwezi kutungwa na mtu asiyejua kwamba “mtu” ni mizani mbili na “mtoto” ni tatu. Kaluta Amri Abedi alipochapisha Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri mwaka 1954, aliweka katika maandishi hesabu ambayo malenga walikuwa wakiifanya kwa sikio miaka mingi kabla yake. Mizani ni nadharia ya silabi iliyojaribiwa mbele ya hadhira, kwa kuwa mshororo ukipungua au kuzidi wasikilizaji hushtuka.

Jambo hilohilo limetokea upande wa pili wa bara letu. Kusini mwa Morocco huzungumzwa Kitashlhiyt, lugha ya Waamazighi yenye maneno mazima yasiyo na irabu: “tkkststt” ni neno kamili, na maana yake ni kwamba wewe uliondoa kitu fulani. Mwaka 1985 François Dell na Mohamed Elmedlaoui walionyesha kwamba maneno hayo hugawika katika silabi, na kwamba konsonanti yoyote, hata k au t, inaweza kuwa kiini. Wengi hawakuamini. Ushahidi mmojawapo uliowapa nguvu ulitoka katika nyimbo: wanapopima mishororo yao, waimbaji wa Kitashlhiyt huzihesabu konsonanti hizo kama mapigo kamili, sawa na malenga wetu wanavyoihesabu m ya “mtu”. Tofauti ni ya kiasi. Kiswahili kimeruhusu nazali pekee kukalia kiti hicho. Kitashlhiyt kimefungua mlango kwa wote. Kijojia nacho, huko Caucasus, kina neno “gvprtskvni”, yaani “unatumenya”, lenye konsonanti nane mfululizo kabla ya irabu yake pekee.

Kiswahili chenyewe hakijasimama. Zamani konsonanti mbili mwanzoni mwa neno la mkopo zilitenganishwa mara moja: kilabu, gilasi, burashi. Leo klabu, glasi na brashi ndizo zinazochapishwa zaidi, na hakuna anayeshangazwa na treni, breki, stesheni, sketi au skuli ya Unguja. Katikati ya neno pia tumelegeza: daktari, maktaba, labda, teksi. Mwishoni hatujalegeza kitu. “Film” imepata irabu yake, na “klabu” iliyokubali kubana konsonanti mwanzoni haikuthubutu kuishia na b. Hali hii inakubaliana na ile hoja ya sikio. Konsonanti mbili zinazofuatwa na irabu bado zina nafasi ya kusikika. Konsonanti ya mwisho haina. Mlango wa mbele ulilegea kwanza, na ndivyo mtu angetabiri.

Je, wa nyuma utalegea? Nairobi inatoa dokezo. Vijana wanaozungumza Sheng husema “mat” badala ya matatu, na huulizana “form ni gani?” bila kuongeza irabu, wakati mkazi wa Dar es Salaam anaendelea kujaza fomu. Kijana wa Nairobi amekua akisikia Kiingereza na Kiswahili kwa pamoja, kwa hiyo sikio lake limelelewa na lugha zote mbili. Sheria ya silabi haiko kwenye damu. Inategemea kile mtoto anachosikia, na pale ambapo watoto wengi husikia silabi funge tangu mapema, sheria inaweza kubadilika ndani ya kizazi kimoja au viwili.

Kuna lawama moja inayostahili kujibiwa kwa takwimu. Husemwa kwamba silabi sahili hufanya maneno kuwa marefu, na kwamba lugha yenye maneno marefu inapoteza muda. Ni kweli kwamba lugha yenye aina chache za silabi huhitaji silabi nyingi zaidi kwa neno. Kijapani kina aina mia kadhaa tu, Kiingereza kinakaribia 7,000. Lakini mwaka 2019 Christophe Coupé na wenzake walipima lugha 17 zikisomwa kwa sauti, wakakuta kwamba zenye silabi sahili hutamkwa kwa kasi zaidi na zenye silabi nzito hutamkwa polepole. Mwisho wa hesabu, zote hupeleka taarifa kwa kiwango kinachokaribiana, kama biti 39 kwa sekunde. Katika lugha hizo 17 hakuna hata moja iliyotoka kusini mwa Sahara. Hilo ni pengo ambalo idara zetu za isimu zinaweza kuliziba. Wazungumzaji wapo, matini zipo, na vyombo vya kurekodia siku hizi havihitaji fedha nyingi.

Kutokana na haya yote kuna mambo mawili ambayo ningependa tuyatende. La kwanza linawahusu wanaosanifu istilahi na wahariri wanaoamua tahajia. Neno jipya linalofuata kanuni ya midomo na ulimi huingia vinywani mwa watu bila kampeni. Lisiloifuata hutamkwa kwa namna tano na kuandikwa kwa namna sita. Kanuni hiyo ifundishwe kwao waziwazi, kama mafundi wanavyofundishwa vipimo, badala ya kuachiwa hisia ya kila mhariri.

La pili linawahusu walimu. Mtoto anayetia irabu katika neno la Kiingereza asiadhibiwe wala asichekwe. Aelezwe kwamba amefuata sheria ya lugha anayoijua, kisha afundishwe kwamba lugha ya pili ina sheria nyingine, na apewe mazoezi ya kusikia kabla ya mazoezi ya kutamka, maana jaribio la Wajapani linaonyesha kwamba tatizo huanzia sikioni. Mwalimu anayejua “ba be bi bo bu” imetoka wapi, na kwa nini m ya “mtu” inahesabiwa, ana zana ya kutosha kuanzia somo hilo kesho asubuhi.